Mtoto Amekaa Vibaya

Miezi mitatu niliipanga diwani ya Bi. Mwanakheri
juu ya ghala la sabuni, Barabara ya Likoni,
nikipima nafasi kwa jicho, kisha kwa rula:
ukwapi kushoto, utao kulia,
katikati uwazi mwembamba, pumzi ya msomaji.
Alinionya mapema: "Kasyoka, huo uwazi
nimeulipia. Usiuguse."

Ukurasa wa arobaini na saba ulitoka hivi:

    Usiku wa zamu yangu,     mtoto alichelewa,
    Mama kajawa uchungu,     nuru ikaondolewa,
    Nikamlilia Mungu,     kurunzi nikaletewa,
    Kilio chafika mbingu,     binadamu kazaliwa.

Kisha wakubwa wakasema karatasi imepanda bei,
kitabu kiende kwenye simu.
Nikakituma. Sikukifuata.
Kama mzazi anayemwacha mtoto langoni mwa shule ya bweni
akakimbilia kazini.

Jumanne, saa tatu usiku, akanipigia.
Hakusalimu.
"Nani amenivunja mifupa?"

Nilimkuta kwake Majengo, chai inapoa,
mjukuu wake Shamte ameshika simu yenye ufa,
anasoma kwa sauti, kama mtu anayesoma bili ya maji:

    Usiku wa zamu yangu, mtoto
    alichelewa, Mama kajawa
    uchungu, nuru ikaondo-
    lewa, Nikamlilia
    Mungu, kurunzi nikaletewa, Kilio
    chafika

Hapo kioo kikaisha.
Shamte akanyamaza, akidhani na shairi limekwisha.
Mtoto alikuwa bado tumboni,
upande wa pili,
anasubiri kidole.

Nikaichukua simu, nikaona na mengine.
Ng'ombe wa ukurasa wa kumi alikuwa ng□ombe,
kijisanduku kitupu kimemkaa kooni.
Tanbihi zangu zote zimehamishiwa mwisho wa kitabu
kama wapangaji wenye deni.
Namba za kurasa, hakuna: uko asilimia thelathini na nne,
kana kwamba shairi ni betri.

Programu ya kwanza ilinipa aina nane za herufi,
rangi ya usiku, rangi ya chai ya maziwa,
kila kitu isipokuwa mshororo wangu.
Ya pili iliulinda mshororo,
ila iliugandisha ukurasa mzima kama picha,
herufi zikawa punje za wimbi.
Bi. Mwanakheri akavaa miwani, akavua, akavaa.
"Hii ni ya siafu," akasema.

Nikaanza kujieleza: kioo ni chembamba,
mshororo una mizani kumi na sita,
maneno humo ndani ni maji, hufuata chombo...
Akanikata.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa mkunga wodini.
"Amekaa vibaya tu. Mtoto akikaa vibaya
humlaumu mama. Unamgeuza."

Akarudi kwenye ile ya kwanza, akailaza simu ubavu.

Mishororo ikanyooka, yote minne.
Uwazi ukarudi mahali pake,
si wote: wa mshororo wa tatu ulikuwa finyu kidogo.
Niliuona, nikameza mate.
Akasoma. Penye uwazi alipumua,
na pumzi yake ilikuwa na upana uleule
nilioupima mwezi wa Februari.
Kwenye "kazaliwa" Shamte aliinua kichwa.

Kisha akajiegemeza kwenye kochi, akainamisha mkono,
na simu, ikidhani imesimamishwa, ikavunja yote upya.
Akaisonya.
"Ndiyo uzazi," akasema. "Wengine hujigeuza tena."

Asubuhi nikalifungua faili.
Kabla ya shairi la kwanza, kwa herufi nene, nikaandika:
*Msomaji, ilaze simu ubavu. Usiharakishe.*
Chini yake nikaacha uwazi.
Nikaupima kwa rula, juu ya kioo,
nikijua fika kwamba simu ya Shamte
ina vipimo vyake.